Prime ya Mademoiselle Brodie



Kitabu ninachotaka kuzungumuzia leo nilikipata kwa wale wanaotandika vitabu vya zamani chini kando ya barabara. Jina lake mu Kifaransa ni Les Belles Années de mademoiselle Brodie. Lakini ku page ya ndani waliandika jina lake la kwanza, lile la Kiingereza: The Prime of Miss Jean Brodie. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akasoma juu ya bega langu, kisha akauliza: «Yaya, uyo mwalimu balikuwa banamulipa prime ngapi?»

Tulicheka sana. Kwa mtoto wa Congo, ukisema mwalimu na prime katika mstari moja, haiko na maana mbili. Prime ni ile makuta wazazi walichanga miaka na miaka ili mwalimu asikimbie darasa, maana mshahara wa leta haukufika ao ulifika kama mvua ya mwezi wa saba. Mu Kiingereza neno hilo ni kitu kingine: ni ile miaka mtu anakuwa na nguvu zake zote, akili imekomaa, mwili bado haujachoka. Mademoiselle Brodie anawaambia wanafunzi wake kila mara kwamba yeye iko katika miaka ile, na kwamba wao wana bahati kumpata wakati huo.

Lakini nilipomaliza kitabu, nikaona mdogo wangu hakukosea sana. Kwa kusoma kwangu, kitabu hiki chote kinauliza swali moja: mwalimu anayependa kazi yake analipwa nini, na anajilipa wapi? Mshahara wa Miss Brodie hatuusikii. Prime yake tunaiona: ni maisha ya wasichana sita.

Kwanza maneno machache juu ya mwandishi, kwa wale hawamjui. Muriel Spark alizaliwa Edinburgh, mji mkubwa wa Scotland, mu 1918. Alisoma ku James Gillespie's High School for Girls, na pale alifundishwa na mwalimu moja aliyeitwa Christina Kay. Mu 1937 akaolewa na kwenda Southern Rhodesia, nchi tunayoita leo Zimbabwe. Ndoa haikuendelea vizuri, akarudia Uingereza mu 1944. Mu 1954 akaingia Kanisa Katolika. Kitabu hiki kilitoka mu 1961, na Miss Brodie ametokana kwa sehemu na ule mwalimu Kay. Mwenyewe Spark alieleza kwamba Miss Kay alitundika ukutani picha za wafuasi wa Mussolini wakitembea mstari, pembeni ya picha za wachoraji wakubwa wa Italia. Mu 1969 wakatoa filme, na Maggie Smith akapata Oscar kwa kucheza Brodie. Ninyi wa Harry Potter munamjua: ni ule mama profesa McGonagall. Lakini musidanganyike na filme. Kitabu ni kifupi, na ni kikali zaidi.

Masomo ya mu kitabu inaitwa Marcia Blaine School for Girls. Ni masomo ya wasichana isiyokuwa na internat: asubuhi mtoto anatoka kwao, magaribi anarudia kwao. Ilianzishwa katikati ya karne ya 19, kwa sehemu na mali ya mjane moja tajiri, bibi ya mtu aliyekuwa anajalidi vitabu. Picha ya ule mama iko mu salle kubwa, na kila mwaka siku ya kumkumbuka wanamwekea maua, yale maua magumu yasiyonyauka upesi. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Maana sisi wote tumepita mu masomo kama ile: picha ya fondateur juu ya mlango wa bureau, uniforme bleu-blanc, disiplini, na mzazi anayelipa minerval akitazama kama mtoto anainama vizuri akisalimia. Ku Marcia Blaine ni kofia. Kila msichana lazima avae kofia, na wale sita wa Miss Brodie kila moja anaivaa kwa namna yake. Hauna haja ya kuambiwa mara mbili nani ni wa kundi na nani haiko.

Hadithi ni hii. Wasichana wanafika kwa Miss Brodie wakiwa na miaka kumi hivi, mwanzo wa miaka ya 1930. Anawafundisha miaka miwili tu, kisha wanapanda ku sekondari, lakini hawaachilii. Mu darasa anaandika calcul ubaoni na kuwaambia wasimamishe vitabu mbele yao, kusudi kama direktrise anapita aone kazi inaendelea. Nyuma ya vitabu vile yeye anawasimulia safari zake za Italia, mchumba wake aliyekufa ku vita siku chache mbele ya vita kuisha, wachoraji, na Mussolini ambaye anaona ni mtu wa maana sana. Watoto wanasikiliza midomo wazi. Na mimi pia, kusema kweli, nilisikiliza mdomo wazi. Njo nguvu ya kwanza ya Spark: hakutupatia mwalimu mubaya wa kuchukia tangu page ya kwanza. Alitupatia ule mwalimu tulitamani kuwa naye.

Sasa fikiri pamoja na mimi juu ya ile jambo ya externat. Watu wengi kwetu wanasema internat njo inaharibu, sababu mtoto iko mikononi mwa watu wengine usiku na mchana. Wazazi wanapenda masomo ya kwenda na kurudi: «Mtoto wangu analala kwangu.» Kitabu hiki kinaonyesha kwamba usalama ule una tundu. Mu internat kuna kengele, kuna masister, kuna saa ya kulala. Mtu mmoja hawezi kirahisi kuchukua watoto sita peke yake. Mu externat, kati ya saa masomo inaisha na saa mtoto anafika nyumbani, kuna masaa ambayo haiko ya mtu. Mzazi anafikiri mtoto iko masomo. Masomo inafikiri mtoto iko nyumbani. Miss Brodie aliishi ndani ya masaa yale. Anawapeleka théâtre, anawapa chai, anawatembeza mu mji, kisha anawaalika Cramond kwa mwalimu wa nyimbo, bwana Lowther, kule anakoenda kumpikia na kumnenepesha.

Kuna matembezi moja ambayo sitasahau. Anawapitisha mu mitaa ya zamani ya Edinburgh, kule watoto wa familia njema hawafikaka. Wanaona mstari mrefu wa wanaume bila kazi wanaongoja pesa ya msaada. Mtoto mmoja, Sandy, mwenye macho madogo, anaogopa. Na safarini ile ile anaona kitu: kwamba wao wenyewe, wanaotembea nyuma ya mwalimu wao, ni kama wale wanaume wa Mussolini ku picha. Ni mtoto, lakini ameona. Anataka siku hiyo kumtendea mema mwenzake anayechekwa, kisha anajizuia, sababu akifanya vile atakuwa ametoka mu mstari. Ukinipa kitabu chote na kuniambia nichague page moja ya kufundisha mu masomo ya Congo, nitachagua ile.

Mwenzake huyo njo Mary Macgregor, na hapa ningetaka tukawie kidogo.

Kila msichana mu kundi ana jina la kazi yake. Monica ni wa hesabu na hasira. Rose ni wa wanaume. Eunice ni wa gymnastique. Jenny ni mrembo, ataigiza. Sandy ni wa macho madogo na kusema vizuri. Mary ni wa nini? Mary ni wa kulaumiwa. Ni mzito, hasemi, wino ikimwagika ni yeye. Miss Brodie anamgombeza mbele ya wote, na wengine watano wanajifunza kumgombeza. Spark anatuambia mapema kabisa, bila kutuandaa, kwamba Mary atakufa akiwa na miaka 23 mu hoteli inayowaka moto, akikimbia huku na huku mu couloir. Kisha anarudia kutusimulia somo la siku hiyo kama hakuna kitu kimepita. Anafanya hivi mara nyingi: anaruka mbele, anasema mwisho, anarudi. Wengine wanaona ni kuharibu suspense. Mimi naona ni kinyume. Ukishajua mtoto huyu atakufa namna gani, kila neno baya wanalomwambia juu ya wino linakuwa na uzito mwingine. Hauwezi tena kucheka vizuri.

Na kuna kitu kinachouma zaidi. Mbele ya kufa, Mary ameachwa na mchumba, anajiuliza kama amekuwaka na furaha siku moja. Anakumbuka ile miaka ya kwanza mu darasa ya Miss Brodie, akikaa kusikiliza hadithi. Anaona ile ilikuwa furaha yake yote. Yule aliyepigwa na maneno kuliko wote njo aliyeshukuru kuliko wote.

Nilifunga kitabu hapo. Nilikaa siku tatu bila kukifungua. Nitawaambia juu ya nini, ingawa si vizuri kwangu.

Kisha licence, sawa wengi wenu, nilizungusha dossier kila mahali, ma ONG, bureau za leta, ma projet. Hakuna. Nikaenda kufundisha biologie na kilimo mu masomo moja ya wasichana, ya privé, hapa Bukavu. Jina lake sitalisema, na haina lazima. Kosa ninayotaka kusema haikuwa ya masomo, ilikuwa yangu. Miaka miwili. Nilipenda ile kazi. Nyuma ya darasa kulikuwa kipande cha udongo, nikafanya jardin. Nikachagua wasichana saba wa kubaki na mimi kisha saa za masomo. Niliwachagua sababu walikuwa wanajibu upesi, wanacheka vizuri, wananiuliza maswali. Niliwafundisha kufanya kitalu, niliwapa vitabu vyangu, niliwasimulia unif. Walikuwa wananiita Madame wetu, na mi nilinenepa moyo.

Nyuma ya darasa alikaa msichana mmoja asiyejibu upesi. Siku moja nilimuuliza juu ya juu ya nini maharagi inarudisha nguvu mu udongo. Akakawia. Akasema kitu nusu nusu. Nikasema neno moja la kuchekesha, darasa yote ikacheka, nikapita kwa mwingine. Ni yote. Sikumpiga, sikumtukana. Siku nyingine nikaona kiti chake iko wazi, nikauliza, wakaniambia: «Madame, balimurudishaka juu ya minerval, iko juma ya tatu sasa.» Juma tatu. Mimi mwenye nilijua kila mche mu kitalu changu, sikuona.

Mwaka uliopita nilimkuta soko, anauzisha nyanya. Yeye njo alinitambua. Alipaza sauti: «Madame!» kwa furaha ya kweli, akawaambia wenzake: «Uyu njo mwalimu wangu wa biologie.» Kisha akaniambia kwamba mu shamba la mama yake wanapanda maharagi mbele ya mihindi, sababu anakumbuka vile vifundo mu mizizi nilivyowaonyesha. Vifundo vyenyewe. Jibu lenyewe la siku ile. Akanipa nyanya, akakataa makuta. Njo maana nilipofika kwa Mary Macgregor sikuweza kuendelea.

Na wale saba? Mmoja alikuwa na mkono mzuri wa couture. Nilimwambia asipoteze akili yake mu couture, afanye agronomie kama mimi. Sasa iko finaliste. Juzi ameniandikia: «Madame, nikimaliza, kazi iko wapi?» Sijamjibu vizuri paka leo.

Turudi mu kitabu. Miss Brodie pia anapanga. Yeye anapenda mwalimu wa dessin, Teddy Lloyd, mwanaume mwenye bibi na watoto, aliyepoteza mkono mmoja ku vita. Anajinyima, lakini mu kichwa chake amepanga Rose awe mpenzi wa ule bwana kwa nafasi yake, na Sandy awe wa kumletea habari. Mambo yanaenda ovyo: Sandy njo anayelala na Teddy Lloyd, Rose njo analeta habari. Tena kuna msichana wa saba aliyefika nyuma, Joyce Emily, mtoto wa watajiri, aliyefukuzwa mu masomo nyingi. Anatamani kuingia mu kundi, wenzake hawamtaki. Miss Brodie anamchukua peke yake. Kaka yake iko Spain anapigana na upande wa Franco. Msichana alitaka kumfuata upande wa kaka yake. Miss Brodie anamgeuza, anamwambia aende kupigania Franco. Mtoto anaenda. Anakufa mu treni iliyoshambuliwa, mbele ya kufika ku vita.

Ndugu zangu wa Kivu, hapa sihitaji kueleza mingi. Tunawajua watu waliokaa mu kiti kizuri, chai mkononi, wakamwambia mtoto wa mwingine kwamba vita ni heshima. Tunajua pia kwamba watu wale hawana sura ya shetani. Wengine ni waalimu. Wengine wanapenda vitabu. Miss Brodie hakumchukia Joyce Emily hata kidogo. Alimpenda kwa namna yake, sawa alivyopenda wote: kama udongo wa kupandia mawazo yake.

Sandy anapojua habari ile, anaenda kwa direktrise, Miss Mackay. Ule mama ametafuta miaka mingi namna ya kumfukuza Brodie, akipeleleza mambo ya mapenzi, hakupata. Sandy anamwambia atafute upande wa politike. Mu 1939 Brodie anaondolewa sababu ya kufundisha ufashisti. Anaishi miaka yake ya mwisho akijiuliza nani alimsaliti, mpaka anashuku Mary aliyekufa, na kusema labda angemtendea vizuri zaidi. Sandy anakuwa sister mu convent, anaandika kitabu juu ya saikolojia, anapata jina. Watu wakija kumtembelea wanamkuta ameshika vyuma vya dirisha la mazungumzo kwa nguvu, kama mtu asiyetulia. Na wakimuuliza nani alimwongoza zaidi mu maisha, anamtaja Miss Brodie.

Wasomaji wengi wanagawanyika hapa. Kuna wanaosema Sandy ni msaliti. Kuna wanaosema Sandy ni mwokozi. Mi naona wote wawili wanakimbia. Sandy alifanya jambo la haki kwa sababu ambazo haziko safi zote: kifo cha Joyce Emily, ndiyo, lakini pia wivu, uchovu, na hamu ya kushinda mwalimu wake. Spark hakusafisha. Na hakutupa Miss Mackay kama jibu. Tazama vizuri ule mama: anajua majina, anatabasamu, anapenda matokeo ya mtihani, na anachojali ni jina la masomo. Kifo cha mtoto si yeye aliyekiona. Kama dunia ya kufundisha ingekuwa na Brodie na Mackay tu, ningempeleka mtoto wangu wapi? Sijui. Njo ukali wa kitabu: kinakunyima mahali pa kukimbilia.

Sasa niseme kasoro, maana kritike bila kasoro ni publicité.

Kasoro ya kwanza ni Mary mwenyewe. Spark anatuonyesha ubaya wa kumcheka, lakini yeye pia anamcheka. Wengine wote anawapa ndani: mawazo, ndoto, uwongo. Sandy na Jenny wanaandika barua za kubuni za mapenzi ya mwalimu wao na kuzizika ndani ya pango, ni pages nzuri sana. Mary anapata ndani kwa dakika kidogo tu, ile ya kukumbuka furaha, kisha moto. Mtu atasema: ni makusudi, ili tujione sisi wenyewe. Labda. Lakini msichana wa nyanya alinifundisha kwamba anayekaa kimya nyuma ana hesabu yake kamili, na mwandishi mkubwa kama huyu angeweza kukaa naye zaidi.

Kasoro ya pili ni Teddy Lloyd. Anambusu Sandy akiwa bado mtoto wa masomo, baadaye analala naye, na kitabu kinapita hapo kama juu ya daraja. Brodie anapoteza kazi. Teddy Lloyd haguswi. Sisi tuliotoka mu auditoire za kwetu, tunaojua kile watu wanakiita kwa mzaha points sexuellement transmissibles, hatuwezi kusoma pages zile kwa tabasamu ya Kiingereza. Najua ni kitabu cha 1961. Bado nasema: ule bwana alipaswa kulipa kitu.

Kasoro ya tatu, wazazi. Wanalipa, wanapokea mtoto magaribi, na karibu hawaonekani. Hapa lakini nasita kusema ni kasoro ya kitabu. Inawezekana ni picha ya kweli ya masomo ya privé popote. Mzazi akishalipa, anafikiri amenunua pia jicho la mwalimu. Kwetu, tangu 2019 masomo ya msingi ya leta ni bure, na waliokimbia madarasa yaliyojaa wamekimbilia privé. Masomo za privé zimejaa ma licenciés kama sisi: vijana, wamesoma, wana maneno, wana uchungu wa kukosa ile kazi waliyoiota, na mbele yao watoto wenye midomo wazi. Hatupati makuta mengi. Jihadharini basi na mahali tunapojilipa.

Maana hapa njo nimefika. Mu kilimo tunafundishwa kuchagua: mbegu nzuri mbali, mbaya mbali, na miche ikisongana tunang'oa midhaifu ili yenye nguvu ipate nafasi. Kwa mboga ni kazi njema. Nilibeba akili ile mu darasa bila kujua. Lakini hata mu kilimo, sisi wa Kivu tuliona migomba ikinyauka shamba nzima, kwa sababu moja kubwa: mgomba ni mtoto wa mgomba, wote damu moja, ugonjwa ukimpata mmoja unapata wote. Mwalimu anayetoa watoto wa mfano wake mwenyewe anapanda shamba kama lile. Brodie alitaka Brodie sita. Alipata mmoja tu aliyemfanana kwa akili, na huyo njo alimwangusha.

Je, nisifundishe tena? Hapana. Nimeomba kurudi mu darasa mwezi wa tisa, masaa machache, juu ya kazi ninayofanya sasa. Kitabu hakikunitia woga wa kufundisha. Kilinitia woga wa kupendwa. Nimeandika ku page ya kwanza ya cahier yangu vitu viwili vidogo: kila juma kuuliza swali wale wa nyuma na kungoja jibu mpaka lifike, na kiti kikiwa wazi siku mbili, kuuliza siku ya pili, si juma ya tatu.

Na kwa ule finaliste wangu, nitamjibu leo, kisha kutuma maandishi haya. Nitamwambia kazi sijui iko wapi. Nitamuomba samahani juu ya machine yake ya kushona, na kumuuliza kama bado iko nayo.

Kitabu ni kifupi, siku mbili unakimaliza. Anayekitaka aniandikie, ninaazimisha. Lakini nitauliza kila atakayekirudisha: mu darasa yako, wewe ulikuwa nani? Na usiniambie upesi kwamba ulikuwa Sandy.